MAJI YALIYOOKOLEWA YAKO WAPI?



Jumapili moja, baada ya Misa katika kigango kimojawapo cha huku kwetu Chunyu, mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei alinisubiri chini ya mwembe mpaka nilipomaliza kukunja mavazi ya ibada. Alikuwa amesikia redioni kwamba Serikali inatoa fedha za kujenga mabanio na kusakafia mifereji, ili wakulima watumie maji machache, na maji yatakayookolewa yabaki mtoni kwa ajili ya mazingira. Akaniuliza: "Baba Padre, sisi watu wa mabondeni tuombe fedha hizo?" Nami, nikiwa na haraka ya kuwahi kigango cha pili, nilimjibu: "Ombeni, mzee wangu. Hayo ni maendeleo." Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Sikufika mbali kabla ya kuanza kujisuta. Nilikuwa nimemjibu mzee wa watu kama anavyojibu mtu aliyezoea kupiga makofi mkutanoni. Kijitabu hiki ni jibu langu la pili, na yeye atakuwa mmoja wa watakaosomewa.

Ndugu Wapendwa, nitangulie kusema ili nisieleweke vibaya: siupingi umwagiliaji. Mtu aliyeona ufuta wa jirani yake ukikauka shambani kwa sababu mvua ilikatika mapema hawezi kuupinga umwagiliaji. Wala silalamiki kwamba Serikali inatumia fedha katika kilimo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipopanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ikaelekezwa katika umwagiliaji, nilifurahi kama walivyofurahi wengine. Ninachokipinga ni sentensi moja tu, ile inayosemwa kwa wepesi na wataalamu, ikarudiwa na viongozi, kisha ikapokelewa na sisi kana kwamba ni sehemu ya Kanuni ya Imani: kwamba ukiuboresha mfereji wa mkulima, maji yatabaki mtoni. Sentensi hiyo si kweli. Inaweza kufanywa iwe kweli, lakini kwa kazi ambayo haifanywi kwa saruji, na ambayo katika nchi yetu bado haijafanywa kwa ukamilifu mahali pale ilipohitajiwa kuliko pote.

Mahali penyewe ni Usangu, katika Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Mtaniuliza: Chunyu na Usangu wapi na wapi? Vumilieni kidogo, tutafika.

Bonde la Usangu hupokea mito mingi itokayo katika nyanda za juu: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera, Ruaha yenyewe na mingineyo. Mito hiyo huingia katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu, na kinamasi hicho kina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Ng'iriama, penye mwamba unaokingama kama kizingiti. Usawa wa maji ya Ihefu ukiwa juu ya kizingiti hicho, Mto Ruaha Mkuu hutiririka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaendelea hadi bwawa la Mtera, na baadaye Kidatu, ambako taifa limekuwa likifua umeme tangu miaka ya 1970. Usawa ukishuka chini ya kizingiti, mto hukatika. Tembo na viboko hubaki na madimbwi, na samaki hubaki na matope.

Mwaka 1993 mto huo ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, jambo ambalo wazee wa huko hawakulizoea, na tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila mwaka, safari nyingine kwa wiki chache, safari nyingine kwa miezi. Katika miaka hiyohiyo mabwawa ya umeme yalipungukiwa maji, na mgawo wa umeme ukazima taa mpaka Dar es Salaam. Pengine hilo ndilo lililowashtua wakubwa. Kiboko wa Ruaha hana simu ya kumpigia waziri, lakini mwenye kiwanda anayo.

Basi kukaanza kutafutwa mwenye kosa. Wengi walimtaja mfugaji, kwa kuwa ng'ombe wanaonekana. Wengine wakataja ukame, wengine ukataji wa miti milimani. Lakini uchunguzi uliofanywa Usangu kati ya mwaka 1998 na 2001 kwa msaada wa Serikali ya Uingereza, na ule uliofuata hadi mwaka 2005, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishiriki pamoja na watafiti wa nje, ulielekeza kidole mahali pengine: katika maji yanayochepushwa kutoka mitoni wakati wa kiangazi kwa njia ya mabanio ya mashamba ya mpunga. Mashamba hayo, ya taifa kwa ya wakulima wadogo, yalikuwa yameongezeka mpaka kukaribia hekta 40,000 katika mwaka wa mvua njema. Wakati wa masika maji yanatosha wote na yanabaki. Ni kiangazi ambapo mto mdogo unapoelekezwa wote katika mfereji kwa ajili ya vitalu vya mapema, kwa ajili ya kufyatulia matofali, au kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kufunga lango, hakuna kinachofika Ihefu.

Sasa, katika kipindi hichohicho, kuanzia mwaka 1996, Serikali yetu ilikuwa ikitekeleza kwa mkopo wa Benki ya Dunia mradi wa kusimamia mabonde ya mito na kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo, katika mabonde ya Rufiji na Pangani. Nia yake ilitamkwa kwa maneno mazuri. Ilisemekana kwamba mifereji ya asili ya wakulima hupoteza maji mno; kwamba ikijengewa mabanio ya zege na malango ya chuma, upotevu utapungua; na kwamba maji yaliyookolewa yatateremka kwenda kufua umeme na kuhuisha mto. Ni hadithi ileile aliyoisikia mzee wangu redioni.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha kosa.

Mfikirie mama anayeoshea vyombo nje ya jiko. Maji ya kusuzia anayamwaga palepale, na pale pameota mgomba na mpapai. Aje mtaalamu amwambie: "Mama, unapoteza maji, chukua bomba hili, utatumia nusu." Kweli atatumia nusu. Lakini mgomba utakauka, kwa kuwa ulikuwa ukiishi kwa yale yaliyoitwa upotevu. Na ile nusu iliyobaki ndooni, je, mama atairudisha kisimani? La hasha! Atafulia nguo. Au atamuuzia jirani. Mwisho wa siku kisima hakikuongezeka hata kikombe kimoja, na mgomba umekufa.

Ndivyo ilivyo katika bonde. Maji yanayovuja katika mfereji wa udongo hayaendi mbinguni yote. Mengi hupenya ardhini au hurudi mtoni kwa mfereji wa kutolea maji, na shamba la chini yake huyatumia, na la chini zaidi vilevile. Kilichoonekana kuwa upotevu katika shamba moja kilikuwa riziki ya shamba la pili. Watafiti wa Usangu walionyesha jambo hili waziwazi: waliopima mfereji mmoja mmoja waliona uharibifu mkubwa, bali waliolipima bonde zima waliona kwamba maji yalikuwa yakitumika tena na tena, na kwamba akiba iliyodhaniwa kuwapo ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa.

Tena kuna jambo la banio lenyewe. Banio la asili la miti, mawe na majani huvuja, na mafuriko ya kila mwaka hulibomoa. Kwa udhaifu wake huo, daima liliacha maji kidogo yapite kwenda kwa wengine. Banio la zege halivuji. Likijengwa kwa kipimo cha maji ya masika, basi wakati wa kiangazi lina uwezo wa kuumeza mto wote, nao walio juu hawahitaji tena kuamka alfajiri kwenda kutengeneza kitu chochote. Kijiji kilichokuwa kikilalamika na kijiji cha juu yake kila Oktoba, na kwa malalamiko hayo kupata zamu yake, sasa kinakuta ukuta. Na yule wa juu, akiwa na maji ya uhakika, analima eneo kubwa zaidi, kwa kuwa yeye si malaika. Ana watoto wanaodaiwa ada. Juu ya hayo akatozwa ada ya kibali cha kutumia maji, naye kwa haki kabisa akasema: "Nimelipa, maji ni yangu." Fedha zilizotolewa ili maji yabaki mtoni zikawa zimenunua chombo bora cha kuyaondolea mtoni.

Mwezi Machi mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, alitamka akiwa London kwamba Serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Ilikuwa ahadi njema, na siamini ilitolewa kwa hila. Mwaka 2010 ulifika, ukapita, na mto ukaendelea kukatika.

Lakini kabla haujafika, lilitendeka jambo lililotuleta sisi wa Kusini katika habari hii. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu kwa amri ya Serikali. Waliondolewa Wasukuma, Wabarabaig, Wamasai na wengineo, pamoja na mifugo ambayo kwa makadirio ilikuwa mamia ya maelfu. Sababu iliyotolewa ni kuokoa maji na mazingira. Na walielekezwa wapi? Walielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Mkoa wetu! Wengi walifikia Kilwa, na taratibu mifugo ikasambaa katika mabonde ya Kusini, ambako wenyeji walikuwa watu wa muhogo, korosho na mbaazi, watu ambao ng'ombe walimwona sikukuu. Hawakuandaliwa wenyeji, wala hawakuandaliwa wageni. Malambo, majosho na mapito ya mifugo vilikuwa haba au havikuwapo kabisa. Mwaka 2007 iliundwa tume ya kuchunguza jinsi uhamishaji ule ulivyoendeshwa, kwa kuwa malalamiko yalikuwa mazito: mifugo iliyokufa njiani, faini zilizotozwa, familia zilizofilisika.

Kila mara mkulima na mfugaji wanapokamatana mashati katika bonde la Mbwemkuru, kila mara shamba la ufuta linapoliwa usiku na asubuhi watu wakashika mapanga, kumbukeni, Ndugu zangu, kwamba sehemu ya ugomvi huo haikuzaliwa hapa. Iliteremka kutoka Usangu. Maji ya Ruaha hayakutufikia sisi. Kilichotufikia ni gharama ya kuyakosa. Watu wa pwani huita chunyu ile chumvi inayobaki mwilini baada ya mtu kutoka baharini na maji kukauka. Jina la mahali petu linatutosha kutukumbusha kwamba maji yanapoondoka huacha kitu kinachowasha.

Na tazameni hesabu ilivyokwenda. Uchunguzi ulisema chanzo kikubwa cha kukauka kwa mto ni maji ya kiangazi yanayochepushwa na mabanio. Aliyefukuzwa ni mfugaji. Mabanio yakabaki, na mengine yakaboreshwa. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 20,000, na vijiji vilivyojikuta ndani ya mstari mpya vikaanza miaka mingi ya kutojua kama vipo au havipo. Mtu atasema wafugaji walikuwa na mifugo mingi kupita kiasi. Huenda, sisemi kwamba hawakuwa na lawama. Nasema tu kwamba hukumu ilitolewa kwa yule asiye na banio, asiye na kibali, asiye na mkandarasi wa kumtetea. Ndivyo Ahabu alivyolipata shamba la Nabothi. Walipatikana kwanza mashahidi, ndipo likapatikana shamba.

Mwezi Septemba 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo mwingine, dola za Marekani milioni 150, wa kukuza utalii wa Kusini katika hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na ile iliyokuwa Selous. Ndani ya mradi huo mlikuwamo tena fungu la kuboresha umwagiliaji juu ya mto, Usangu, ili maji yaingie hifadhini wakati wa kiangazi. Nauliza kwa heshima: baada ya miaka ishirini ya kuona, je, tulipaswa kwanza kuuliza maji ya mradi wa 1996 yalikwenda wapi? Mwaka 2023 wanavijiji wa Mbarali walipeleka malalamiko kwa jopo la ukaguzi la Benki hiyo, wakidai kwamba kwa jina la hifadhi watu wamepigwa, mifugo imetaifishwa, na kaya zinatakiwa kuhama. Serikali ilizikanusha tuhuma hizo. Mwezi Aprili 2024 Benki ilisimamisha utoaji wa fedha, na Novemba 2024 mradi ukafungwa kabla ya muda wake. Deni la fedha zilizokwisha tumika, bila shaka, halikufungwa. Mkopo hulipwa na aliyekopewa, yaani mimi na wewe, na yule mama wa Mbarali ambaye hajui kama kitongoji chake bado kimo katika ramani.

Msidhani nawasimanga wataalamu wetu peke yao. Nchini Australia, nchi tajiri yenye vipimo na sheria, Serikali ilitenga mabilioni ya dola kuboresha umwagiliaji katika bonde la mito Murray na Darling, ili maji yarudi mtoni. Huko angalau waliweka sharti: mkulima aliyepewa fedha alipaswa kuikabidhi Serikali sehemu ya haki yake ya maji, kwa maandishi, iwe mali ya mto. Hata hivyo, wachumi na wanasayansi wa kwao wamelalamika kwamba kila lita iliyopatikana kwa njia hiyo iligharimu zaidi ya mara mbili ya ile ambayo Serikali ingeinunua moja kwa moja kutoka kwa mkulima aliye tayari kuuza, na kwamba maji yaliyokuwa yakirudi mtoni kwa kuvuja hayakuhesabiwa ipasavyo. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, samaki kwa mamia ya maelfu walielea wamekufa katika Mto Darling, karibu na mji wa Menindee. Ukame ulichangia, ndiyo. Lakini mto uliokwisha nyonywa haukuwa na cha kupambana na ukame. Ikiwa wao, wenye mita katika kila bomba, wamepata taabu ya kuonyesha maji yaliyookolewa yako wapi, sisi tusio na hata ubao wa kupimia kina cha mto katika mabonde yetu mengi tunaanzia wapi kutangaza mafanikio?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: "Padre anapinga maendeleo. Arudi altareni." Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa seminari Peramiho, likielekezwa kwa mapadre walionitangulia. Kwa hilo nina majibu mawili.

La kwanza ni la historia, na sisi wa Nachingwea na Ruangwa hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta huku mpango wa karanga, pamoja na Kongwa na Urambo. Ilipangwa kulimwa zaidi ya ekari milioni tatu. Yaliletwa matrekta, ikajengwa bandari ya Mtwara, ikalazwa reli hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Mpango ule ulianguka kwa sababu nyingi: udongo wa Kongwa uliokuwa mgumu kama sakafu, mvua isiyoaminika, mashine zisizofaa. Nyingi katika hizo mkulima wa mahali angeweza kuzieleza bure, kama angeulizwa, jioni moja tu, akiwa na kahawa. Hakuulizwa. Basi asitokee mtu wa kuniambia kwamba kuuliza ni kupinga maendeleo. Katika wilaya hizi zetu, kutouliza ndiko kulikoyaua.

La pili ni kwamba altareni ndiko tunakotoa divai iliyochanganywa na maji, na maji hayo yalichotwa mahali fulani na mtu fulani. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kuitunza nyumba yetu ya pamoja, alifundisha kwamba kupata maji safi ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa kuwa uhai hutegemea hayo, na kwamba kilio cha maskini na kilio cha nchi havitenganishwi. Sioni mahali alipoongeza: isipokuwa katika mikutano ya miradi. Hata Isaka, mwana wa Abrahamu, wachungaji wa Gerari walipogombania visima alivyovichimba, aliviacha viwili akachimba cha tatu, mpaka pakapatikana nafasi ya wote. Lakini Isaka alikuwa na mahali pa kuhamia. Sisi tukigombania Mbwemkuru au Lukuledi tutahamia wapi? Wafugaji wa Usangu walihamia kwetu; sisi hatuna Lindi yetu ya kukimbilia.

Isitoshe, sheria ya nchi iko upande wa swali langu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inayapa kipaumbele cha kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, na cha pili maji ya kutunza mazingira; shughuli nyingine, na umwagiliaji ukiwamo, zinafuata baada ya hapo. Yaani mbele ya sheria ndoo ya mama inatangulia, kisha mto wenyewe, ndipo jaruba la mpunga. Wangapi kati yetu tulilijua hilo? Mimi nililijua nikiwa nimekwisha kuwa padre kwa miaka mingi, na naona aibu kukiri. Mito yetu iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi yake Mtwara. Bodi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kutoa kibali na kuweka masharti ndani yake. Kumbe basi saruji ni kazi ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, na maji ni kazi ya Bodi. Na mara nyingi mkandarasi humaliza kazi na kuondoka kabla ofisi hizo mbili hazijakaa meza moja mbele ya wanakijiji. Katika nafasi hiyo iliyo wazi kati ya ofisi mbili ndimo maji yaliyookolewa yanamopotelea.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa mwembeni. Mzee, jibu langu la pili ni hili: ombeni, lakini msiombe kwa makofi. Mradi ukija katika bonde lolote la kwetu, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa, ulizeni mto wenu una maji kiasi gani mwezi wa Oktoba, na nani alipima, na kwa kiangazi ngapi. Kama hakuna aliyepima, basi kazi ya kwanza ya fedha hizo iwe ubao wa kupimia, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa kuusoma na kuandika daftarini. Ulizeni kibali kitasema nini juu ya kiangazi peke yake, si juu ya mwaka mzima kwa jumla, kwa maana wastani wa mwaka ni kichaka cha kujifichia. Kama wataalamu wanasema mfereji mpya utaokoa sehemu fulani ya maji, sawa, tuwaamini. Basi kibali cha zamani kipunguzwe kwa kiasi hichohicho, kwa maandishi, kabla ya ujenzi. Mtaalamu anayeiamini hesabu yake hataogopa kuitia sahihi. Akikataa, mmekwisha jua.

Banio lenyewe nalo lijengwe kwa namna ya kuugawa mto kwa uwiano, ili maji yanapopungua wote wapungukiwe pamoja, wa juu na wa chini. Watafiti wa Usangu walilishauri jambo hili zamani. Si teknolojia ya ajabu. Ni suala la mahali pa kuweka ukingo wa zege na upana wa mlango. Ufunguo wa lango usikae kwa mwenyekiti wa chama cha umwagiliaji peke yake. Katika kamati awemo mtu wa kijiji cha chini, awemo mwanamke anayechota, awemo mfugaji. Ndiyo, mfugaji! Najua baadhi yenu mmekunja uso. Yeye naye alifukuzwa kwa jina la maji, na tukimfukuza tena kwa jina lilelile atakwenda kwa nani? Birika la ng'ombe lililojengwa mbali na shamba ni nafuu kuliko kesi moja ya mauaji.

Na ninyi viongozi walei, niruhusuni niwaguse kidogo. Baadhi yenu mko pia katika halmashauri za vijiji na kamati za maji. Mnapoitwa katika semina mjini, mnapewa posho, chai na kitabu chenye picha ya mto, kisha mnarudi na kutuambia mambo yamepangwa vizuri. Posho si dhambi. Mtu aliyeacha shamba lake siku mbili anastahili nauli na chakula. Lakini mtu aliyelipwa kusikiliza asidhani amelipwa kunyamaza.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa, Na. 7 ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijadili kijitabu hiki kabla ya mkutano ujao, ikiwezekana pamoja na majirani zetu Waislamu, kwa kuwa kisima tunachochota ni kimoja na foleni ni moja. Maswali niliyoyataja yaulizwe mkutanoni kwa sauti, yaandikwe katika muhtasari pamoja na majibu yatakayotolewa na majina ya waliojibu. Nakala moja ibaki kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, moja ipelekwe kwa Diwani, na moja iletwe ofisi ya parokia, ambako itahifadhiwa katika jalada. Mwezi wa Oktoba tutakwenda mtoni pamoja na jalada hilo, tukausome ubao.